Asiyeona, Mbwa Wake na Mlango wa Hoteli Yetu



Wewe kijana unayetufuata hapa, hebu leo tuanzie Taru. Anayeijua barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anapajua pale: umepita Mariakani, umepita Samburu, jua linapiga, nyika kulia na kushoto, malori yamepaki, na kando ya barabara kuna vihoteli vya chai, chapati, wali na nyama ya mbuzi. Mbele kidogo ni Mackinnon Road na ule msikiti mashuhuri ulio karibu na reli, ambapo wasafiri wengi husimama kuswali.

Sasa chukulia basi limesimama. Kwenye kihoteli kimoja anaingia mtu mzima asiyeona. Ameshika mshikio mgumu uliofungwa kwenye mgongo wa mbwa mkubwa, mtulivu. Anatoa salamu. Anasema yeye ni mtoto wa Msambweni, ameishi Uingereza miaka mingi, macho yakamtoka huko, na huyu mbwa ndiye anayemuongoza. Anataka chai na chapati mbili. Pesa anazo.

Itakuwaje? Tuwe wakweli. Weita atapiga kelele, "Toa mbwa! Toa mbwa!" Mmoja atainua kanzu yake kama mtu anayevuka mto. Mwenye hoteli atatoka jikoni aseme, "Samahani mzee wangu, hii ni hoteli ya Waislamu." Na wewe uliyekaa pembeni, pengine ungetoa simu ukarekodi, jioni tukacheka sote.

Kisa hiki ni cha mfano. Lakini swali lenyewe si la mfano. Watalii wanakuja Diani. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanarudi nyumbani kusalimia wazee. Mbwa wa aina hii wako kazini sehemu nyingi za dunia, na siku moja mmoja atafika mlangoni pa mtu unayemjua. Harakati inayosimama kila siku kudai haki za Waislamu haiwezi kungoja mpaka siku hiyo ndipo ianze kujiuliza.

Jibu letu ni hili: aingie, akae, ale. Na si kwa kuipuuza dini. Tunasema hivyo kwa sababu ya dini, na kwa sababu ya Katiba ile ile tunayoikimbilia sisi wenyewe tunapobaguliwa. Soma hadi mwisho, kisha utubishie ukitaka.

MBWA HUYU NI NANI

Usimfikirie yule wa mtaani anayelala kwenye majalala, wala yule wa mlinzi anayebweka usiku kucha. Mbwa wa kuongoza anafundishwa tangu mdogo, na mafunzo hayo huchukua karibu miaka miwili. Shule za kwanza za namna hii zilianza Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Anafundishwa kusimama kwenye ukingo wa barabara, kukwepa mashimo na nguzo, kutafuta mlango na kiti. Anafundishwa pia asiombe chakula, asibweke, asiwasogelee watu. Akiingia mkahawani, kazi yake ni kulala chini ya meza ya bwana wake mpaka waondoke.

Watu wa Taru hawahitaji kufundishwa kwamba kuna mbwa wa kazi. Mwenye mbuzi anayeogopa fisi usiku anajua thamani ya mbwa. Huyu naye ni mbwa wa kazi, ila badala ya kulinda mbuzi analinda maisha ya binadamu. Kumwambia mwenyewe "mfunge nje uingie peke yako" ni kama kukuambia wewe uache macho yako mlangoni.

DINI INASEMAJE

Hapa ndipo wengi wanaposhika breki. "Mbwa ni najisi, basi yameisha." Hayajaisha.

Sisi wa pwani wengi wetu ni Shafii. Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi, na ni najisi nzito. Hilo hatulifichi wala hatulibadilishi ili tuwafurahishe watu. Lakini madhehebu hayo hayo yanakufundisha najisi inahama vipi. Mbwa mkavu akigusa nguo yako kavu, hakuna najisi iliyohamia kwako. Unachoangalia ni umajimaji: mate yake, au mwili wake ukiwa umelowa. Na hata hilo likitokea, dawa yake tumepewa: osha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Najisi katika fiqhi ni jambo la kuoshwa. Hakuna mlango wa fiqhi unaosema mtu afukuzwe kwa sababu kuna kitu kitakachohitaji kuoshwa. Mtoto mchanga akikojoa sebuleni, unafukuza mama yake?

Tena si madhehebu yote yanayosema sawa. Kwa Imamu Malik, mbwa aliye hai ni tohara. Hatukwambii uhame madhehebu. Tunakukumbusha tu kwamba usimtolee mtu sauti kana kwamba Umma mzima umekubaliana na wewe.

Qurani yenyewe, katika Suratul Maida aya ya 4, imehalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na mbwa wa kuwinda yumo. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipokataza kufuga mbwa bila sababu alitoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kama mbwa anaruhusiwa kwa ajili ya kondoo, vipi akatazwe kwa ajili ya mwanadamu asiyeona? Na sote tumehadithiwa tangu madrasa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa huyo hakuwa hata wa kazi.

Lakini kwetu hoja kubwa si mbwa. Hoja ni yule aliyemshika mbwa.

Unaijua Suratul Abasa. Ilishuka kwa sababu ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Mwenyezi Mungu alimzindua Mtume wake kwa ajili ya mtu mmoja asiyeona, na sisi tunaisoma sura hiyo mpaka leo. Huyo huyo alikuja kuwa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume alimwachia Madina zaidi ya mara moja alipokuwa safarini. Kipofu huyo alikuwa kiongozi wa mji. Hakukaa mlangoni akingoja kutupiwa senti.

Kuna na hadithi nyingine ambayo wanazuoni wengi wanasema inamhusu yeye. Aliomba ruhusa aswali nyumbani kwa sababu hakuwa na wa kumuongoza hadi msikitini. Akaulizwa kama anaisikia adhana. Aliposema ndiyo, akaambiwa aitikie. Sasa fikiri: kama asiyeona anatakiwa atoke, awe pamoja na watu, basi sisi tunaoona tuna wajibu gani juu ya njia yake na kiongozi wake? Hatuwezi kumwambia njoo, kisha tukamnyang'anya kinachomleta.

Na kuhusu kula hasa, fungua Suratun Nur aya ya 61. Aya inaanza kwa kuwataja kipofu, kilema na mgonjwa, kisha inaingia kwenye habari za kula majumbani, pamoja au mbalimbali. Wafasiri wanaeleza kwamba kulikuwa na watu walioona vibaya kula sahani moja na hawa, na wengine katika hawa waliona aibu kula na watu. Aya ikaondoa uzito huo. Jambo la kipofu kukaa mezani na wenzake lilishaamuliwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita.

Wenzetu walioko mbali wameshalipitia hili. Mwaka 2008, huko Leicester, Uingereza, kijana Muislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake, baada ya baraza la Sharia la Waislamu wa Uingereza kutoa fatwa. Mbwa hakuingia mahali pa kuswalia. Alitengewa sehemu karibu na mlango, angoje hapo mwenyewe akiswali jamaa, kisha waondoke. Kama msikiti umepata njia, hoteli ya chapati itashindwaje?

KATIBA TUNAYOIKIMBILIA

Sasa tuzungumze kama harakati. Unakumbuka kesi ya hijabu ya kule Isiolo? Shule ilisema sare ni moja kwa wote, hakuna anayebaguliwa. Waislamu tukajibu kwamba sheria inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumuumiza mmoja peke yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilikubali hoja hiyo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikauondoa uamuzi ule, ikisema dai halikuletwa kwa utaratibu unaofaa. Tuliumia. Tunaendelea kuipigania hoja ile hadi leo.

Basi angalia kibao kinachosema "Hakuna kuingia na mbwa". Kinaonekana sawa kwa wote. Mimi na wewe hakitugusi, tunamfunga mbwa nje au tunamuacha nyumbani. Anayefungiwa ni mmoja tu, asiyeona. Ni hoja ile ile ya hijabu, neno kwa neno. Haiwezekani iwe haki siku inapotufaa, halafu iwe kelele siku inapomfaa mwingine.

Soma Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010. Katika orodha ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, dini imo, mavazi yamo, ulemavu umo. Vyote viko ndani ya sentensi moja. Na Katiba inasema ubaguzi uwe wa moja kwa moja au wa kuzunguka, haufai, na haikuwafunga serikali peke yao. Inamfunga na mtu binafsi, mwenye hoteli akiwemo. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazitaka nchi ziweke msaada ulio hai, waongozaji wakiwemo, katika majengo yaliyo wazi kwa umma.

Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilishakataza kumzuia mtu kuingia mahali panapoingia umma kwa sababu tu ya ulemavu wake, na ikasema mwenye mahali hawezi kujificha nyuma ya ile "tuna haki ya kuchagua nani aingie". Mwaka 2025 tukapata sheria mpya mahali pake, iliyoanza kama mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa glakoma. Asiyeona ameingia Seneti akaandika sheria. Sisi bado tunajadili kama aingie kunywa chai.

Na tuseme jingine ambalo kila msafiri Muislamu wa pwani analijua. Ukienda kupanda treni ya SGR pale Miritini, unaambiwa upange begi lako chini kwa mstari. Mbwa wa ulinzi anapita, ananusa. Ndani ya begi mna kanzu, mna mswala, pengine mna msahafu. Unasimama kimya, ukimaliza unachukua begi lako unapanda. Mbwa wa wenye nguvu tumemzoea kwa sababu hatuna la kufanya. Mbwa wa kipofu tunamfukuza kwa sababu kipofu hana la kutufanya. Huo si ucha Mungu, ndugu yangu. Huo ni unyonge wetu tunaumalizia kwa aliye mnyonge zaidi.

Tujifunze pia kwa ndugu zetu Wasomali waliokuwa madereva wa teksi kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, Marekani. Baadhi walikataa kubeba abiria wenye pombe, na wengine wakakataa na wenye mbwa wa kuongoza. Mwaka 2007 mamlaka ya uwanja ikaweka adhabu ya kusimamishiwa kibali kwa atakayekataa abiria wa aina zote mbili. Hoja ya pombe ingeweza kujadiliwa peke yake, kwani pombe ni haramu kwa andiko lililo wazi. Lakini ilipochanganywa na kumwacha kipofu kando ya barabara, ikapoteza uso. Aliyetaka kuonyesha kwamba Waislamu hawajali watu wengine alipewa mfano bure.

"LAKINI..."

Tunajua utakayosema, kwa hiyo tuyajibu.

"Wateja watakimbia." Labda wawili, mara ya kwanza. Mwenye hoteli akisema kwa sauti ya kawaida, "Huyu ni mbwa wa kazi, anamuongoza mzee wetu, hatasogea," wengi watarudi kwenye sahani zao. Watu humtazama mwenye nyumba. Akitulia, nao wanatulia.

"Mimi naogopa mbwa." Hofu ni kitu cha kweli, na hatuidharau. Kaa meza ya mbali, au omba uhamishwe. Hofu yako inakupa haki ya kusogea wewe. Haikupi haki ya kumtoa yeye.

"Na mtalii akija Diani na kambwa kake ka kubeba mkononi?" Hiyo ni habari nyingine. Mbwa wa mapenzi si mbwa wa kuongoza. Mwenye hoteli anaweza kumkatalia huyo kwa adabu, na hakuna haki ya mtu iliyovunjwa. Utawatofautisha vipi? Uliza kwa upole: "Huyu ni mbwa wa kukuongoza?" Mtazame na mbwa mwenyewe: ana mkanda wa kazi, ametulia, hazungukii meza. Anayeruka, anayebweka au anayenusa sahani za watu, mwenyewe aambiwe amtoe, hata kama ana mkanda.

"Na jikoni?" Jikoni haingii. Wewe mteja unayeona, kwani unaingia jikoni?

LA KUFANYA

Mwenye hoteli, au wewe unayefanya kazi ya uweita pale Taru, Ukunda au Likoni, haya ndiyo mambo matano:

1. Itikia salamu na zungumza na mtu, si na mbwa, wala si na aliyefuatana naye. "Karibu mzee, kuna meza upande wako wa kulia."

2. Mpe meza ya pembeni au karibu na ukuta, mbwa apate pa kulala bila kukanyagwa.

3. Usimguse mbwa, usimpe chakula, usimuite. Yuko kazini. Hapo Shafii na mfundisha mbwa wanakubaliana kabisa.

4. Msomee menyu na bei. Ukileta chai mwambie iko wapi, maana ni moto. Chenji muhesabie noti moja moja.

5. Akiondoka, kama kuna mate sakafuni, osha kama ulivyofundishwa. Kama hakuna, fagia kama siku zote.

Ni kazi ya dakika kumi.

ASIYE NA MBWA

Tumalizie na lililotuuma zaidi tulipokuwa tukiandika haya. Wasioona wengi wa Kwale hawana mbwa wa kuongoza na pengine hawatampata kamwe. Mbwa huyo ni gharama, mafunzo na matunzo ya miaka. Wao wanaongozwa na nani? Umeshawaona. Anaongozwa na mtoto. Mzee ameshika ncha moja ya fimbo, mtoto wa miaka minane au tisa ameshika nyingine, saa nne asubuhi, siku ya shule. Kwa mtoto huyo hatupigi kelele. Hatusemi "toa mtoto". Tumemzoea, ilhali huyo ndiye angestahili kutushtua.

Na wakiingia hotelini, nini kinatokea? Kabla mzee hajafungua mdomo, mtu ameshamtia shilingi kumi mkononi. Hakuna aliyemuuliza anataka kula nini. Hakuna aliyewaza kwamba pengine amekuja na pesa yake, amechoka na njia, anataka chai kama mtu mwingine yeyote. Sadaka ni njema, na Mwenyezi Mungu anaipokea. Lakini sadaka inayotolewa ili mtu aondoke haraka, hiyo ni nauli ya kumfukuza.

Kwa hiyo hata kama mbwa wa kuongoza hatafika Taru miaka kumi ijayo, mtihani umeshafika. Kuna mwenye fimbo nyeupe aliyesoma Shule ya Wasioona ya Likoni, anatafuta kazi. Kuna mama anayeweza kurudishiwa uoni kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hana wa kumfikisha hospitali. Kuna yule mtoto wa fimbo anayestahili kuwa darasani.

Wiki hii tunakuomba jambo moja tu. Nenda kwenye hoteli unayokula kila siku, muulize mwenyewe: "Akija asiyeona na mbwa wake, utafanyaje?" Msikilize bila kumzomea. Kisha mweleze uliyoyasoma hapa, mambo ya dini na mambo ya sheria. Ukimkuta mzee asiyeona amekaa, usitie mkono mfukoni kwanza. Msalimie, kaa naye, muulize anakula nini. Halafu rudi hapa utuandikie alivyokujibu.

Haki tunayoidai kwa ajili yetu tu itakuwa imegeuka upendeleo. Na sisi hatukuanzisha harakati hii kutafuta upendeleo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.